Kabla Gari la Wagonjwa Halijafika

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wa zamani mlioacha shughuli zenu mkaja kutazama jinsi tulivyozeeka, na ninyi ndugu zangu tuliogombania ukoko katika bwalo hili hili:

Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze nanyi, alinipa uhuru wa kuchagua jambo. Najua wengi wenu mlitazamia kwamba mimi, afisa mipango wa halmashauri, ningekuja na takwimu za barabara na visima. Takwimu nimeziacha ofisini. Nimekuja na jambo ambalo sikulisomea chuo kikuu, bali nililazimika kujifunza baada ya kosa moja ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Jambo lenyewe ni hili: mtu akipatwa na dharura ya ugonjwa au ajali mbele ya macho yetu, tutaitambuaje, na tufanye nini kabla hajafika kwa daktari?

Nianze na kosa lenyewe, ili mjue kwa nini nasema kwa uchungu.

Mwaka 2013 nilikuwa natumika katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Katika masjala yetu alikuwako mzee mmoja, mtu mpole, mcha Mungu, ambaye alijua mahali pa kila jalada bila kutazama daftari. Asubuhi moja, kama saa tatu hivi, tulisikia kelele. Tulipofika tulimkuta mzee amefungua vifungo vya shati, jasho linamtiririka ingawa asubuhi ile ilikuwa na baridi, mikono inatetemeka, na maneno yake hayaeleweki. Kijana mmoja alipotaka kumshika, mzee alimsukuma na kumtukana. Tulishangaa. Tangu tumjue hakuwahi kumtukana mtu.

Mmoja wetu akasema, "Leo mzee ameamkia kilabuni." Wengine wakacheka. Mzee yule hakuwa mnywaji. Jambo hilo sote tulilijua. Lakini neno likisha kutamkwa ofisini huwa kama limepigwa muhuri. Tukaona, kwa heshima yake, wananchi wasimwone katika hali ile. Tukamwongoza mpaka chumba cha stoo, tukamtandikia maboksi alale "pombe imtoke". Mlango nilifunga mimi.

Saa sita na nusu tarishi alikwenda kumtazama, akamkuta amekakamaa, povu mdomoni, haitiki. Tulimkimbiza hospitali kwa gari la ofisi. Mganga alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akatuuliza, "Huyu ana kisukari. Ameanza saa ngapi kuwa hivi?" Hakuna aliyetaka kujibu. Mzee alikuwa amejidunga dawa yake ya insulini alfajiri, kisha akapitia msibani, akaja kazini bila kula. Sukari katika damu yake ilishuka mno. Mganga alimpa sukari kwa mshipa, lakini ubongo ulikuwa umekaa bila chakula chake kwa saa nyingi. Siku ya tatu alifariki.

Mkewe alipokuja kuchukua nguo zake, alitoa katika mfuko wa shati pipi mbili. Alituuliza bila hasira, "Kwani hamkumpa pipi zake? Alikuwa anazibeba kwa ajili ya hali hiyo." Ndugu zangu, pipi zilikuwa kifuani pake muda wote ule, nasi tulikuwa watu sita wenye vyeti, wengine digrii, na hakuna aliyejua.

Baada ya mazishi niliomba ruhusa nikahudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza. Baadaye, kwa kuwa upangaji wa magari ya wagonjwa uliangukia mezani kwangu, nilijifunza pamoja na wahudumu wa magari hayo, na usiku mwingine nikafuatana nao. Sijawa daktari, wala sijidai. Lakini nimejifunza kwamba kazi ya mhudumu wa dharura huanza na macho kabla ya mikono. Anayekosea kuutaja ugonjwa, atakosea na kuutibu.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu. Nitawapa mfano mmoja kutoka Marekani. Katika mji wa Pittsburgh, hadi miaka ya 1960, mgonjwa wa ghafla mara nyingi alibebwa na gari la polisi, akitupwa nyuma bila mtu wa kumhudumia njiani. Mwaka 1967 daktari mmoja aitwaye Peter Safar, mmoja wa waanzilishi wa njia ya kumwokoa mtu aliyeacha kupumua, alishirikiana na taasisi ya Freedom House kuwafundisha wakazi Weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana kazi. Wengine hawakumaliza shule. Walifunzwa vizuri kwa miezi mingi, nao wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini humo waliojua kumtibu mgonjwa ndani ya gari. Huduma yao ilidumu hadi 1975, na mafunzo yaliyoandaliwa kwa ajili yao yakawa msingi wa kufundishia wengine. Ikiwa wale waliweza, sisi tuliopasi mitihani katika shule hii tunashindwa nini?

Hapa kwetu tumepiga hatua. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010. Mpango wa m-mama, ulioanza kutandazwa nchi nzima mwaka 2022, umewezesha mama mjamzito au aliyejifungua akipatwa na dharura kuitiwa usafiri kwa kupiga 115 bila malipo. Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa 114, na polisi kwa 112. Hata hivyo, tusidanganyane. Barabarani usiku, shambani, au kijijini kwa mzazi wako, gari la wagonjwa laweza kuchukua saa nzima au lisifike kabisa. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Kwa hiyo mtoa huduma wa kwanza ni yule aliyepo, na mara nyingi aliyepo ni wewe.

Sasa nitapitia dharura zile ambazo sisi huzipa majina ya uongo. Nimezihesabu nne.

Ya kwanza ni hiyo ya mzee wetu, tunayoiita ulevi. Mtu mwenye kisukari anayetumia dawa, akichelewa kula au akifanya kazi nzito kuliko kawaida, sukari yaweza kushuka ghafla. Hutoka jasho jembamba, hutetemeka, moyo humwenda mbio, hukasirika bila sababu, hupepesuka na kusema ovyo. Ukiona hivyo, usinuse pumzi yake kwanza kutafuta pombe; uliza kama ana kisukari na kama amekula. Ikiwa ana fahamu na aweza kumeza, mpe kitu kitamu mara moja: vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au soda ya kawaida nusu chupa, au pipi kadhaa atafune. Ngoja kama dakika 15. Asipopata nafuu, rudia, na safari ya hospitali ianze. Akipata nafuu, ale chakula. Kama huna uhakika iwapo sukari imeshuka au imepanda, mpe tu. Sukari kidogo haitamzidishia hatari kubwa aliyepanda, bali kumnyima aliyeshuka kwaweza kumwua. Lakini ikiwa hana fahamu, usimmiminie kitu chochote mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali. Hata mlevi wa kweli, akiwa haamki ukimwita kwa sauti, ni mgonjwa. Asiachwe peke yake.

Ya pili tunaiita pepo. Hapa nawakumbusha mwaka 1996, tulipokuwa Kidato cha Pili. Mwenzetu mmoja wa bweni la juu alianguka kifafa usiku. Mnakumbuka tulivyofanya: wanne tulimkalia miguu na mikono, kiranja akamtia kijiko mdomoni, mwingine akatafuta kitunguu amnusishe. Kijiko kilimvunja meno mawili. Na asubuhi hatukutaka kula naye sahani moja, tukiogopa mate yake. Mwenzetu huyo yuko nasi leo, na amenipa ruhusa kulisema hili. Ndugu yangu, kwa niaba ya bweni zima, tusamehe.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Mtu akianguka, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, mwekee nguo laini chini ya kichwa, legeza kola au tai, kisha tazama saa. Usimtie kitu mdomoni, ulimi haumezwi. Usimshikilie kwa nguvu. Mitikisiko ikiisha, mgeuze alale kwa ubavu, mate yatoke, kaa naye mpaka afahamu. Ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajaamka, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, au ameumia, au imempata majini, hiyo ni ya hospitali mara moja. Mtoto mdogo mwenye homa akipatwa na degedege, mvue nguo nzito, mlaze kwa ubavu, mpeleke apimwe malaria na magonjwa mengine. Kumfukizia moshi ni kumpotezea muda. Na mama mjamzito akishikwa na mitikisiko, hasa aliyelalamika kichwa kikali, macho kuona giza au kuvimba uso, huo ni kifafa cha mimba. Dawa yake iko hospitali, na kila dakika ina thamani kwa watu wawili.

Ya tatu tunaiita upepo mbaya, au tunasema amerogwa. Mtu analala mzima, anaamka mdomo umekwenda upande. Huo ni kiharusi: mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka. Kukitambua ni rahisi, hata mtoto wa darasa la nne aweza. Mwambie atabasamu, je, upande mmoja wa uso umelegea? Mwambie anyanyue mikono yote miwili. Je, mmoja unaanguka? Mwambie arudie sentensi fupi. Je, maneno yanaburuzika? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja tu, andika saa ambayo alionekana mzima mara ya mwisho, nenda hospitali. Saa hiyo ina maana, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoziba mshipa, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya ubongo. Usimpe chakula wala maji, kwani koo laweza kuwa limepooza. Usimpe aspirini, kwa sababu huwezi kujua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka. Dalili zikiisha zenyewe baada ya nusu saa, bado nenda, ni onyo. Tumewazika watu waliozungushwa kwa waganga siku tatu, halafu wakafikishwa hospitali siku ya nne.

Ya nne tunaiita kiungulia, au gesi. Nalisema hili nikituangalia wenyewe, maana wengi wetu hapa tumevuka miaka arobaini, na mikanda yetu inashuhudia. Maumivu ya moyo kukosa damu si lazima yawe makali kama kisu. Mara nyingi mtu huhisi kifua kimekaliwa na gunia, maumivu yakielekea begani, mkono wa kushoto, taya au mgongoni. Anatoka jasho baridi, anakosa pumzi, anataka kutapika. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, maumivu yaweza yasiwepo, akawa na uchovu wa ajabu na kukosa pumzi tu. Mtu huyo asitembee hata hatua za kwenda kwenye gari kama yupo wa kumbeba. Akae nusu kuketi, mgongo umeegemea, magoti yamekunjwa. Ikiwa hana mzio na aspirini, hana vidonda vinavyotoka damu tumboni, wala hana dalili za kiharusi nilizozitaja, atafune aspirini ya miligramu 300. Kisha hospitali. Asiendeshe gari mwenyewe. Wanaume tuna kiburi cha kusema "itapita tu". Afadhali uchekwe hospitali kwa kuleta gesi, kuliko kusifiwa makaburini kwa uvumilivu.

Sasa niingie upande wa pili. Ziko dharura ambazo hazina haja ya kutambuliwa, kwani kila mtu anaziona. Tatizo ni kwamba tunaona sawasawa, lakini mikono yetu inafanya kinyume.

Chukua ajali ya barabarani. Tunakimbilia, tunamvuta mtu kwa mikono na miguu, tunamkunja nyuma ya gari kama mzigo wa mahindi. Ukifika kwenye ajali, jilinde kwanza ili usiwe majeruhi wa pili: simamisha gari mbali, weka alama barabarani, zima injini za magari yaliyogongana, kataza sigara. Vaa glavu, ukikosa, vaa mifuko ya plastiki mikononi. Usimwondoe majeruhi mahali alipo ila kama pana moto, maji, au hatari nyingine ya hakika. Uti wa mgongo waweza kuwa umevunjika. Kichwa, shingo na mwili viende pamoja bila kupinda. Na yule anayepiga kelele usimwendee wa kwanza. Anayelia anapumua. Mtafute aliyenyamaza.

Damu inayotoka kwa wingi ndiyo ya kuzuiwa mapema. Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, gandamiza kwa nguvu kwa viganja viwili, usiachie kila mara kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu na uzidi kugandamiza. Usitie mafuta ya taa, majivu wala udongo. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka haizuiliki, funga kitambaa kipana kama sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, pasipo kwenye kiungo, pitisha kijiti, kaza kwa kuzungusha mpaka damu ikatike, kisha andika saa uliyofunga. Usikifungue, atakifungua mganga. Ikiwa kitu kimechomwa mwilini na bado kimo, kiache humo, kizungushie vitambaa kisitikisike.

Hapo hapo tutofautishe na nyoka. Aliyeumwa na nyoka hafungwi kamba ya kukaza, hachanjwi kwa wembe, hanyonywi sumu kwa mdomo, wala jiwe jeusi la nyoka halimsaidii. Vua pete na bangili kabla hajavimba, tuliza kiungo kwa ubao kama kilichovunjika, abebwe asitembee, apelekwe kwenye dawa ya kupambana na sumu. Msimfukuze nyoka kwa ajili ya kumpeleka kama kielelezo. Mtapata wagonjwa wawili.

Aliyeungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si yai, si mafuta. Hizo nilizitumia mimi mwenyewe kwa mtoto wangu kabla ya kujifunza, na mwuguzi alitumia muda mrefu kuzibandua huku mtoto akilia.

Na kuhusu bwalo hili: Jumapili za nyama tulikuwa tunakula kwa haraka kana kwamba tunakimbizwa. Mtu akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, mtie moyo. Ikiwa hawezi kusema wala kukohoa, anashika koo, midomo inabadilika rangi, usimpe maji. Mwinamishe mbele, mpige kwa kisigino cha kiganja kati ya mabega mara 5. Kisipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ivute ndani na juu kwa nguvu mara 5. Endelea kwa zamu, tano na tano. Mama mjamzito husukumwa kifuani, si tumboni. Mtoto chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni mara 5, kisha akageuzwa na kubonyezwa kifuani kwa vidole viwili mara 5. Usitie kidole kutafuta kitu usichokiona.

Nimalizie na lililo kubwa kuliko yote. Mtu ameanguka. Mguse mabega, mwite kwa sauti. Haitiki. Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma kidogo, tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Kama anapumua vizuri na hakuumia mgongo, mlaze kwa ubavu, kichwa kikiwa kimerudi nyuma, ili ulimi na matapishi visizibe koo. Jambo hili dogo, kumgeuza ubavu, lingeweza kumwokoa mtu aliyelazwa chali stoo.

Kama hapumui, au anakata pumzi moja moja kama samaki nchi kavu, moyo wake umesimama. Mtume mtu mmoja, kwa kumnyoshea kidole, aite msaada. Piga magoti, weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyosha viwiko, gandamiza kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kiachie kipande, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya mara 30, kama umefunzwa na uko tayari, mpulizie pumzi 2; la sivyo, gandamiza tu bila kusimama. Kila dakika 2 mpokezane, maana kazi hii inachosha. Kwa mtoto na aliyezama majini, pumzi ni muhimu sana, uanze nazo. Mbavu zaweza kulia, usiogope. Aliyesimama moyo hawezi kuumizwa zaidi ya hapo. Sitawadanganya kwamba wote huamka. Wengi hawaamki. Lakini asiyefanyiwa kitu haamki kabisa.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nina maombi matatu, nayo si ghali.

La kwanza, umoja wetu uiombe shule itenge muda kila mwaka, mwanzoni mwa muhula, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Tano wafundishwe mambo haya kwa vitendo. Waalikwe watu wa Msalaba Mwekundu au waganga wa wilaya. Mwili wa kufanyia mazoezi waweza kushonwa kwa magunia na sifongo.

La pili, kila bweni, maabara na bwalo liwe na sanduku la huduma ya kwanza, lisilofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mwalimu aliyesafiri. Mchango wetu wa mwaka huu unatosha, tukipunguza kidogo fungu la fulana.

La tatu ni letu wenyewe. Mwenye kisukari, kifafa, pumu, au mzio na dawa fulani, amwambie mwenzake wa ofisini na wa nyumbani. Aseme dawa anaiweka wapi, na afanyiwe nini. Najua tunaona aibu, hasa wanaume. Mzee wetu wa masjala naye aliona aibu, hakutwambia. Nasi hatukumwuliza. Aibu yetu na ya kwake zilikutana katika chumba kile cha stoo.

Mimi sina kisukari. Lakini tangu mwaka ule sitoki nyumbani bila pipi mbili katika mfuko wa shati. Mke wangu amezoea kuzitoa kabla ya kufua. Miaka miwili iliyopita, katika basi, mwanamke mmoja alianza kutoka jasho na kumtukana kondakta, na abiria wakaanza kusema maneno yale yale niliyoyasikia ofisini. Nilimwuliza swali moja, akaitikia kwa kichwa. Tulipofika kituo kilichofuata alikuwa anaomba radhi, akaniuliza jina langu. Nilimwambia amshukuru mzee mmoja wa masjala.

Naomba kutoa hoja.